Unasomea nini chuoni, na pesa ya biashara unaiweka wapi?

Ni jioni sokoni Hagadera. Mwanafunzi wa chuo anauza sabuni ya maji mlangoni pa duka la mjomba wake. Simu inalia: mteja amelipa shilingi 70. Dakika tano baadaye simu inalia tena, mdogo wake anaomba pesa ya bando. Anamtumia. Inaingia meseji nyingine, safari hii ni mchango wa ayuuto kutoka kwa mwanachama mmoja. Halafu anakuja jirani, anachukua chupa mbili: "Walaal, andika tu, nitalipa posho ikitoka." Kufikia saa tatu usiku salio la simu linasema 1,130. Ukimuuliza hapo ni ngapi za biashara, ngapi za ayuuto na ngapi za nauli ya kwenda Dadaab kesho, hana jibu.

Huyo mwanafunzi anaweza kuwa wewe. Anaweza kuwa anasomea ualimu, afya, biashara, kompyuta au jiografia. Leo tunataka kuangalia mambo mawili yanayoenda pamoja: jinsi kozi unayosoma inavyokufanya uione biashara, na jinsi simu yako inavyoweza kukusaidia au kukuangusha, hata kama kozi yako ni nzuri kiasi gani.

Hagadera ni ya wafanyabiashara kabla ya kuwa ya wasomi

Kambi za Dadaab zilianza mwaka 1991, na Hagadera, iliyo upande wa Fafi, ikafunguliwa mwaka 1992. Soko halikungoja. Nguo, sukari, simu, nyama ya mbuzi, maziwa ya ngamia, mabati, kila kitu kilipata mwenye kukiuza. Utafiti uliofanywa mwaka 2010 kwa ajili ya serikali za Kenya, Denmark na Norway ulikadiria kwamba biashara za kambi za Dadaab zilikuwa na mauzo ya karibu dola milioni 25 kwa mwaka. Mwaka 2016 Bamba Chakula ilipofika Dadaab, sehemu ya msaada wa chakula ikaanza kuja kwa simu, na wenye maduka wengi wakazoea kupokea malipo bila noti.

Chuo kikuu kilikuja baadaye. Garissa mjini, chuo cha walimu kiligeuzwa kuwa chuo kikuu kishiriki cha Moi mwaka 2011. Baada ya shambulio la Aprili 2015 lililoua watu 148, kilifunguliwa tena Januari 2016, na mwaka 2017 kikapata hati yake kamili kama Chuo Kikuu cha Garissa. Dadaab nako, Chuo Kikuu cha Kenyatta kilifungua kampasi mwaka 2012. Mwaka uliofuata ukaanza mradi wa BHER, ulioziunganisha Kenyatta na Moi na vyuo viwili vya Kanada, York na British Columbia, ili vijana wa kambini na wa jamii wenyeji wasome wakiwa hapa hapa. Kozi zake nyingi zilihusu ualimu, lakini pia kulikuwa na afya ya jamii na jiografia.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Hagadera mara nyingi ameziona biashara nyingi kuliko madarasa ya chuo. Amekua akimsaidia hooyo kupima sukari, au akilinda meza ya abti akienda kuswali. Halafu anaingia chuoni, anaambiwa yeye sasa ni mwalimu au mhudumu wa afya. Ile sehemu yake ya sokoni inaenda wapi?

Hamu, watu na uwezo

Wataalamu wanaochunguza kwa nini mtu mmoja anaanza biashara na mwingine haanzi hutumia sana nadharia ya mwanasaikolojia Icek Ajzen, aliyoieleza mwaka 1991. Kwa lugha ya kawaida, kabla mtu hajaamua kufanya jambo, anajiuliza maswali matatu bila hata kujua.

La kwanza ni la hamu: je, hili jambo nalipenda, naliona lina faida? La pili ni la watu: wale ninaowaheshimu watasemaje? La tatu ni la uwezo: je, naliweza kweli?

Weka maswali hayo Hagadera. Hamu ipo, maana ajira za mishahara ni chache, na mkimbizi anayefanya kazi na mashirika mara nyingi hulipwa ile posho inayoitwa insentivu, ambayo ni ndogo sana ukilinganisha na mshahara. Kuhusu watu, mambo ni mchanganyiko. Biashara yenyewe ina heshima kwetu, lakini mzazi aliyengoja miaka minne mtoto apate digrii anaweza kushangaa akimwona anauza chupa za sabuni. "Hukusoma ili urudi kwenye meza ya abti wako," atasema. Kwa msichana swali hili ni zito zaidi, kwa sababu kazi za nyumbani zinamngoja na watu wanahesabu saa anazokaa nje.

Swali la tatu, la uwezo, ndilo ambalo kozi hugusa zaidi. Kozi inakupa ujuzi, lakini pia inakupa picha ya mtu unayepaswa kuwa. Picha hiyo inaweza kukusukuma mbele au kukufunga mguu.

Kozi tano, macho matano

Haya tunayoandika hapa si sheria. Kuna mwalimu aliyezaliwa mfanyabiashara, na kuna mhitimu wa biashara asiyeweza kuuza maji jangwani. Chukua yanayokuhusu.

Ualimu. Mwalimu anajua kueleza jambo mpaka lieleweke, na wazazi wanamwamini. Hizo ni mali mbili kubwa sokoni. Masomo ya jioni, kuchapisha karatasi za mazoezi, kuuza vitabu na kalamu, yote anaweza. Tatizo lake ni aibu ya kudai. Amezoea kutoa bila kuuliza bei, kwa hiyo mzazi akisema "mwalimu, wiki ijayo," yeye anaitikia tu. Wiki zinapita. Tatizo la pili ni kungoja: anaweza kukaa miaka akisubiri kuajiriwa, huku ujuzi wake ukikaa bure.

Afya ya jamii. Huyu anaona mahitaji ambayo wengine hawayaoni: familia isiyo na chombo safi cha kuwekea maji, wasichana wanaokosa masomo kwa sababu hawana taulo za hedhi, vibanda vya chakula visivyo na pa kunawia mikono. Kila hitaji ni mlango wa biashara halali. Kinachomzuia ni dhamiri. Anahisi kupata faida kwenye shida ya mtu ni dhambi. Tungemwambia hivi: sabuni inayouzwa kwa bei ya haki na kupatikana kila wiki inamsaidia jirani kuliko sabuni ya bure iliyokuja mara moja. Lakini mpaka upo, na asiuvuke: kuuza dawa kunahitaji mtu aliyesajiliwa na duka lenye kibali. Kusomea afya ya jamii hakukupi ruhusa hiyo.

Biashara na uchumi. Anajua kuandika mpango, anajua tofauti ya mauzo na faida. Ajabu ni kwamba huyu ndiye anayeweza kuchelewa kuliko wote. Mpango wake unahitaji laki tatu, na hana laki tatu, basi anangoja mfadhili. Meza ya shilingi elfu mbili anaiona ndogo mno kwa mtu aliyesoma usimamizi.

Kompyuta. Anaanza haraka kwa sababu chombo chake ni laptopu au simu. Kujaza fomu za mtandaoni, kutengeneza simu, kupiga picha za pasipoti, kuandika barua za maombi ya kazi. Mtaji wake mkubwa ni muda, na hapo ndipo anapopoteza: muda wake anauhesabu kuwa sifuri. Rafiki anakuja, anakaa saa mbili, anaondoka na kazi iliyokamilika na neno "asante bro". Umeme wa jenereta alioulipia, bando alilotumia, vyote vimetoka mfukoni mwake.

Jiografia na sayansi ya jamii. Huyu anajua watu wanatoka wapi na kwenda wapi, mvua ikikosa bei ya maziwa inafanya nini, barabara ya Garissa ikiharibika bidhaa gani inapanda bei kwanza. Ni maarifa ya thamani. Ila anaweza kuchunguza mpaka msimu upite. Kila mara bado kuna swali moja la kuuliza.

Umejiona? Vizuri. Angalia pia kwamba kasoro za wote watano zinafanana sehemu moja: hakuna hata mmoja ambaye shida yake ni kukosa akili ya darasani. Shida iko kwenye kuanza, kudai, na kuhesabu.

Je, kufundishwa kunabadilisha mtazamo?

Jibu la utafiti si moja. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa wanafunzi wa sayansi na uhandisi mjini London na Grenoble, Ufaransa. Waliopitia somo la ujasiriamali walitoka na nia kubwa zaidi ya kuanzisha biashara, na kilichowasukuma zaidi kilikuwa hamasa: kukutana na mtu au jambo lililowagusa moyo. Miaka mitatu baadaye, uchunguzi wa Uholanzi ukaja na matokeo tofauti. Huko wanafunzi waliendesha kampuni ndogo kama sehemu ya masomo, na mwisho nia yao ilishuka. Huenda walipoiona kazi yenyewe, waligundua haiwafai. Hilo nalo ni funzo, na ni nafuu kulipata ukiwa mwanafunzi kuliko baada ya kuuza mbuzi wa familia.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Togo, Afrika Magharibi. Watafiti waliwachukua wenye biashara ndogo 1,500 mjini Lomé na kuwagawa makundi matatu. Kundi moja lilifundishwa mambo ya kawaida ya biashara: hesabu, masoko, mipango. Kundi la pili lilifundishwa mtazamo: kuanza jambo bila kusukumwa, kutafuta nafasi mpya, kutokata tamaa mambo yakikwama. Kundi la tatu halikufundishwa. Matokeo yaliyotoka mwaka 2017 yalionyesha kwamba waliofundishwa mtazamo waliongeza faida kwa asilimia 30. Waliofundishwa hesabu za kawaida walipanda kidogo tu, kiasi ambacho watafiti hawakuweza kusema kwa uhakika kilitokana na mafunzo.

Je, tuache hesabu basi? Hapana. Kuna uchunguzi mwingine, wa Jamhuri ya Dominika, uliochapishwa mwaka 2014. Wafanyabiashara wadogo wengine walifundishwa uhasibu kamili, wengine wakapewa kanuni rahisi za kukumbuka. Kanuni kuu ilikuwa hii: pesa ya biashara weka droo moja, pesa ya nyumbani droo nyingine, na ukihitaji ya nyumbani jilipe mshahara. Waliopewa kanuni rahisi ndio walioboresha namna ya kuendesha pesa zao. Uhasibu mrefu ulibaki kwenye madaftari ya mafunzo.

Ukiunganisha Lomé na Dominika unapata kitu ambacho mwanafunzi wa kozi yoyote anaweza kukibeba: anza mwenyewe, na tenganisha pesa.

Hesabu ya chupa 40

Turudi kwa yule mwanafunzi wa sabuni. Namba hizi ni za mfano, wewe weka zako.

Ananunua lita 20 za sabuni ya maji kwa shilingi 1,600. Chupa tupu 40 za nusu lita, kila moja 10, ni 400. Mzigo kutoka Garissa anaulipia 200. Ada za kutuma na kutoa pesa kwenye simu, tuseme 60. Jumla imetoka 2,260.

Anauza chupa 40 kwa 70 kila moja, anapata 2,800. Faida ni 540.

Sasa angalia salio la simu siku ya mwisho: 2,800. Linavutia! Anaona ana karibu elfu tatu. Anatumia 1,000: chakula cha mchana, bando, nauli ya kampasi. Zimebaki 1,800. Mzigo mpya unataka 2,260. Hauwezekani. Hakuibiwa wala soko halikumkataa. Alikula 1,000 wakati faida ilikuwa 540, na ile 460 iliyozidi ilikuwa mtaji.

Kisa cha pili ni cha deni. Tuseme hakula hata shilingi, lakini chupa 10 alizitoa kwa "andika tu". Mkononi ana 2,100. Bado 2,260 haijafika. Chupa 10 kati ya 40 zinatosha kuifunga biashara ambayo kwenye karatasi ina faida.

Mwanafunzi wa uchumi ana jina la kitabuni kwa jambo hili. Bibi wa sokoni analijua kwa methali: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kutengeneza droo mbili kwenye simu

Hivi ndivyo tunavyoshauri.

Kwanza, tenga mahali pa biashara. Kama unaweza, chukua namba ya till kwa ajili ya mauzo, na laini yako ya kawaida ibaki ya nyumbani. Wateja wote walipe kwenye till, hata rafiki, hata binamu. Kama bado hujapata till, tumia laini ya pili au ile sehemu ya kuweka akiba kwenye akaunti yako. Jambo la msingi ni kwamba ukifungua droo ya biashara uone pesa ya biashara peke yake.

Pili, jilipe siku moja kwa wiki. Chagua, mfano Alhamisi jioni kabla ya Ijumaa. Toa gharama za mzigo ujao kwanza, kinachobaki ndicho cha kugawa. Kwenye mfano wetu, kati ya 540 unaweza kujilipa 340 na kuacha 200 zikuze mtaji. Pesa ya bando na nauli itoke kwenye hiyo 340, isitoke kwenye till.

Tatu, wekea deni kikomo. Amua kabla: nitakopesha chupa tatu tu kwa mzigo mmoja, basi. Ukishafika tatu, una jibu lisilomvunjia mtu heshima: "Walaal, za deni wiki hii zimeisha, za kulipa zipo." Mwalimu mwenye aibu ya kudai, kanuni hii imeandikwa kwa ajili yako. Na ukidai, dai kwa meseji fupi yenye tarehe na kiasi. Meseji haigombi na mtu.

Nne, soma taarifa ya miamala yako kila mwisho wa mwezi. Unaweza kuiomba kwenye simu. Pitia mstari kwa mstari na uweke alama: hii mauzo, hii mzigo, hii nyumbani. Mara ya kwanza utashtuka kidogo ukiona bando limekula kiasi gani. Ni sawa, ndiyo maana unaisoma.

Tano, ayuuto ipewe nyumba yake. Kama wewe ndiye mwenye kukusanya, usipokee michango kwenye droo ya biashara. Ile ni amana ya watu. Siku ya kumpa mwenye zamu ikifika na pesa imeingia kwenye sabuni, unapoteza uaminifu, na uaminifu ndio mtaji wa mwisho ambao mtu wa Hagadera hukubali kuupoteza.

Mtaji bila riba

Wateja wetu wengi hawachukui mkopo wenye riba, na tunaheshimu hilo. Basi mwanafunzi asiye na kitu aanzie wapi?

Njia ya zamani ni ya kuanza na ulicho nacho. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakimbizi wa Kisomali waliofika Islii, Nairobi, walipanga vyumba kwenye nyumba ya wageni iliyoitwa Garissa Lodge. Walianza kuuza bidhaa humo humo vyumbani mwao. Vyumba vikawa maduka, na nyumba ikawa mwanzo wa majengo makubwa ya biashara ya Islii tunayoyajua leo. Hawakungoja laki tatu.

Njia ya pili ni mudharaba. Mmoja anatoa mtaji, mwingine anatoa kazi na ujuzi, faida wanagawana kwa kiwango walichokubaliana mwanzoni. Hasara ya mtaji ni ya mwenye mtaji, isipokuwa kama mfanyakazi amezembea au amekiuka makubaliano. Mfanyakazi naye anakuwa amepoteza jasho lake. Inamfaa sana mwanafunzi: abti ana shilingi 5,000, wewe una ujuzi wa kompyuta na muda wa jioni.

Lakini tazama: mudharaba haiwezekani bila hesabu. Abti akiuliza "faida yetu ni ngapi?" na wewe pesa zake umezichanganya na za bando, mtagawana nini? Hapo ndipo familia hukosana. Droo ya biashara iliyotengwa, pamoja na taarifa ya miamala, inamaliza ubishi kabla haujaanza. Andikeni makubaliano kwenye karatasi moja: kiasi, mgao, na siku ya kuhesabu. Wawepo mashahidi wawili.

Laini ni ya nani?

Hili linauma, na tunaliona mara kwa mara: mtu anaendesha biashara kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Labda wakati ule hakuwa na kitambulisho, akasaidiwa na jirani. Miaka inapita, biashara inakua, halafu simu inapotea. Anayeweza kuirudisha ile laini ni yule mwenye jina. Na kama yule mwenye jina amehama, au mmegombana, pesa yako iko ndani na ufunguo anao yeye.

Ukiwa na kitambulisho cha Kenya au kadi halali ya mkimbizi, nenda kwa wakala ukaulize usajili kwa jina lako mwenyewe. Fanya hivyo kabla biashara haijakua. Kama bado kadi yako haijatoka, usiache salio kubwa kwenye laini ya mtu.

Kuhusu haki ya kufanya kazi, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inatambua haki ya mkimbizi kufanya kazi au biashara, peke yake au kwa kikundi, na kufanya taaluma ambayo vyeti vyake vinatambuliwa Kenya. Haki hiyo haiondoi leseni ya kaunti wala masharti ya kusafiri. Kabla hujafungua duka, ulizia ofisi ya kaunti ada na karatasi zinazotakiwa, na uombe risiti.

Na PIN, tafadhali, ni yako peke yako. Usimpe msaidizi wa duka, usimpe rafiki wa kampasi. Mtu akipiga simu akisema amekutumia pesa kimakosa, usimrudishie kwa haraka. Angalia salio kwanza, si meseji, kwa sababu meseji ya uongo ni rahisi kuandika. Kisha mwambie apigie huduma kwa wateja.

Jaribio la siku saba

Kabla ya kusema "mimi si mtu wa biashara, mimi nasomea ualimu," au "mimi nasomea biashara, ninangoja mtaji," jaribu hivi kwa siku saba.

Siku ya kwanza, andika kitu kimoja ambacho kozi yako imekufanya ukijue na jirani yako hakijui. Siku ya pili, uliza watu watatu kama wangekilipia, na kiasi gani. Siku ya tatu, tenga droo ya biashara kwenye simu, hata kama ina shilingi 100. Siku ya nne na ya tano, uza. Kidogo tu, lakini kwa bei, kwa mtu asiye ndugu yako. Siku ya sita, hesabu kilichotoka na kilichoingia, pamoja na ada za simu na saa zako. Siku ya saba, amua: naendelea, nabadilisha, au naacha.

Ukiamua kuacha, hujashindwa. Umejua mapema, kama wale wa Uholanzi. Ukiamua kuendelea, utakuwa na kitu ambacho wahitimu wengi hawana siku wanapovaa joho: mteja mmoja anayelipa, na jibu la haraka mtu akikuuliza kwenye hilo salio ni ngapi za biashara.